Upande wa Pili wa Bwawa

Kila mgonjwa mpya aliyefika Kituo cha Majimoto aliambiwa na Tupokigwe maneno yaleyale. Alikuwa ameyasema kwa miaka mingi, kwa hiyo aliyasema huku mikono yake ikifanya kazi nyingine, ikikunja taulo au ikipima joto la maji kwa kiwiko kama anayetaka kumwogesha mtoto. Utaoga kwanza kwa maji ya kawaida. Utakunywa maji ya kutosha kabla na baada, maana watu husahau kwamba hata ndani ya maji mtu hutoka jasho. Ukisikia kizunguzungu sema, usijitie ushujaa. Siku za mwanzo utatoka humu umechoka hoi, utalala mchana kutwa, na hiyo si dalili mbaya. Ukiwa majini utajiona mwepesi, ukitoka utajiona mzito kuliko ulivyoingia, usikate tamaa kwa hilo. Kisha aliweka taulo chini na kumtazama mgonjwa usoni, kwa sababu kilichofuata hakikuwa cha kusemwa huku mtu anakunja taulo.

"Aliyekubali kukubebea maumivu atakuwa upande wa pili wa ukuta ule. Hutamwona wala hutaongea naye, hata kwa simu, mpaka siku ya mwisho. Usiniombe, maana sitakubali."

Sekela hakuomba. Alikuwa ameletwa kwa kiti cha magurudumu, amefungwa blanketi mpaka kidevuni kwa baridi ya milima ya Uporoto, mwanamke kijana ambaye miguu yake ilikuwa imelala tangu ajali. Alicheka kidogo. Alisema anamjua mume wake, Lugano hawezi kukaa kimya muda wote huo, lazima atagonga ukuta.

Tupokigwe akarudi kwenye taulo zake. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo, ameshika mkono wa mbebaji, na mbebaji hakuwa Lugano. Lugano alikuwa amezikwa wakati Sekela bado hajazinduka.

*

Watu wa mbali walipenda kusema kwamba maji ya Majimoto yanafuta maumivu. Hayakufuta kitu. Ndani yake mlikuwa na chembe ndogo mno, kiasi kwamba maji yote yalionekana tu kama yaliyooshewa mchele. Chembe hizo zilipita kwenye ngozi, zikaishika mishipa ya fahamu, zikasoma kila uchungu uliopita hapo, na kuupeleka kwa waya upande wa pili, kwenye hodhi ambamo mtu mwingine alikuwa ameketi katika maji ya joto lilelile. Joto la maji lilipaswa kulingana na joto la mwili. Maji yakipoa kidogo, mwili hukumbuka ngozi yake inaishia wapi, na chembe huachia.

Wataalamu walikuwa wamejaribu kuupeleka uchungu kwenye mashine, mashine ikaukataa. Walijaribu ganzi, lakini mshipa uliolala haujifunzi kutembea. Ili mguu ujifunze upya ni lazima uwe macho, na mguu ulio macho unauma, na mguu unaouma unakaza. Basi maumivu yalihitaji mahali pa kwenda kukaa, na mahali pekee palipopatikana ni ndani ya mtu mwingine.

Nchi ilizoea upesi, kama inavyozoea kila kitu. Familia zilizokuwa na kamati za harusi zikaanzisha na kamati za kubeba, zenye mwenyekiti na kundi la simu, na mjomba wa ughaibuni aliyetuma pole ndefu na kuomba zamu yake ipewe mwingine. Ile sheria ya kutoonana nayo haikutungwa na watu wakorofi. Ilikuwa imeonekana wazi kwamba mgonjwa akiona sura ya anayeumia kwa ajili yake, au akisikia tu sauti yake, mguu hukaza wenyewe kwa huruma, na kwa huruma chembe hazikuwa na la kufanya.

Familia ya kina Mwaseba ilipatwa na lao siku kamba ya gari la angani lililovusha watu bondeni ilipokatika. Lugano na Sekela walikuwa ndani. Sekela alipofumbua macho hospitalini, swali lake la kwanza lilikuwa Lugano yuko wapi. Kando ya kitanda alikuwapo Shangazi Lwitiko, dada wa baba yake Lugano, mwanamke ambaye hakuna msiba uliosimama vizuri bila yeye. Kwao mtu haambiwi msiba akiwa amelala chali peke yake. Huketishwa, huzungukwa na wanawake, maji ya kunywa yakiwa karibu na mikono ya kumshika ikiwa tayari. Na daktari alikuwa ametoka kusema kwamba mishipa ile ina muda wake wa kufunguka, muda huo ukipita basi, na kwamba mgonjwa aliyevunjika moyo mishipa yake haifunguki kabisa. Shangazi akayaunganisha hayo yote kwa pumzi moja, akasema Lugano ameumia mbavu tu, na ndiye atakayembebea.

Uongo ule ulikaa sawasawa ndani ya sheria za kituo, kama umeshonewa humo. Kamati iliupokea, hakuna aliyepinga.

*

Siku ile, kabla ya kumpokea Sekela, Tupokigwe alikuwa akimtarajia kijana, akaletewa mzee mwenye kofia ya sufu na blanketi la kijivu begani. Alimwamkia, mzee akaitikia, kisha Tupokigwe akamwambia kwa upole kwamba umri wake hauruhusiwi. Moyo wa mtu wa umri ule hauwezi kazi hii. Shangazi Lwitiko, aliyekuwa amemsindikiza, akaeleza mambo yalivyo, tangu kamba mpaka kaburi. Tupokigwe alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alisema anageuzwa kuwa mwongo mahali pake pa kazi, na kwamba mgonjwa ana haki ya kujua anabebwa na nani.

Mzee Mwaseba, baba yake Lugano, alingoja amalize.

"Huyo mkwe, binti yangu, sijawahi kumwona uso," alisema.

Tupokigwe aliijua desturi hiyo, ingawa kwao ilikwisha na bibi yake. Katika nyumba zilizoishika, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Hawakutani njiani, hawakai chumba kimoja, hawasemezani ila kwa kinywa cha mtu wa tatu. Mmoja akitokea ghafla, mwingine hugeuka na kujifunika. Watu wengi wa Rungwe walishaiacha, vijana wakiifanyia mzaha, lakini nyumba ya Mwaseba ilikuwa bado nayo, na Sekela alipoolewa pale aliikubali bila manung'uniko. Ilikuwa heshima, na kwa jinsi yake ilikuwa upendo.

"Ninachokijua kwake ni nyayo," mzee aliendelea. "Asubuhi naamshwa nazo, anakwenda kuwasha moto. Ana haraka, na kisigino cha kushoto anakiburuta kidogo. Nikizisikia uani nakaa ndani mpaka apite. Sasa mwanangu hayupo, na nyayo hazipo. Nyumba imenyamaza. Mwanangu siwezi kumrudisha."

Kisha akauliza jambo moja lililokuwa likimsumbua: je, maji ya pande mbili yanachanganyika? Maana kuingia maji mamoja na mkwe wake asingeweza, hata kwa hili. Tupokigwe akamhakikishia kwamba maji hayakutani, kinachopita ukutani ni waya tu. Mzee akashukuru, akavua kofia, akaikunja na kuiweka juu ya blanketi.

Tupokigwe angeweza kuwarudisha nyumbani wote wawili, mzee na shangazi. Badala yake alimshika mzee mkono na kumteremsha kwenye hodhi.

*

Mazoezi yalianza polepole, kama yanavyoanza siku zote. Kwanza Sekela alilazwa majini na boya shingoni, Tupokigwe akimshika miguu na kuizungusha kwenye nyonga, masikio ya mgonjwa yakiwa chini ya maji asisikie kitu ila mvumo. Baadaye alisimamishwa ameshika bomba la pembeni, maji yakiwa kifuani ili yambebee uzito. Halafu kutembea kiubavu, kama kaa. Halafu kunyanyua goti.

Mapema kabisa Sekela aliuliza kama ataweza kupiga magoti tena. Tupokigwe alimwambia hilo ndilo gumu kuliko yote na litakuja mwisho, kwani goti linalokunjwa chini ya uzito wa mwili linadai kila mshipa. Wengine huuliza kama watacheza muziki au kuendesha gari, akasema. Sekela akajibu kwamba nyumbani kwake mtu asiyeweza kupiga magoti hawezi hata kusalimia.

Upande wa pili mzee aliketi na kitambaa kati ya meno. Hakupiga kelele hata mara moja. Tupokigwe alimwona kwenye kioo kidogo, ambacho mgonjwa hakukiona, kilichoonyesha chumba kile, akamwona akivuta pumzi, akiikata katikati, kisha akiimalizia. Chembe zilikuwa na kasoro moja ambayo wataalamu hawakuiondoa kwa sababu haikumdhuru mtu: kitu kidogo kilirudi. Maumivu hayakurudi, wala mawazo. Kilichorudi ni kama mdundo, namna ya mtu kupumua, au hali ya moyo wake iwapo ilizidi sana.

"Ni yeye," Sekela alisema siku moja, amefumba macho na tabasamu. "Pumzi anaikata katikati hivyohivyo. Akiinua kitu kizito hufanya hivi."

Mtoto hurithi mengi kwa baba yake, hata hayo. Tupokigwe alimwambia anyooshe kidole gumba cha mguu.

Baada ya muda moyo wa mzee ulianza kurukaruka. Siku moja ulipoteza kabisa mdundo, naye akatolewa kwenye hodhi midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Tupokigwe akasema imetosha, akamwingiza Shangazi Lwitiko mahali pake. Shangazi alikuwa na mwili wenye nguvu na aliyavumilia maumivu bila shida. Lakini alikuwa amemlea Lugano mgongoni. Hazikupita dakika nyingi Sekela akaanza kutokwa na machozi bila kujua sababu, akauliza Lugano ana nini leo, mbona analia, nani amekufa? Miguu ikakaza kama mti. Ilibidi atolewe majini akiwa amejikunja.

Kesho yake mzee alirudi mwenyewe, hakuitwa na mtu. Tupokigwe alimsihi apumzike, akakataa. Basi Tupokigwe akamuuliza anawezaje kuketi pale na msiba wa mwanawe bila hata tone la huzuni kuvuja.

"Miaka yote hii kazi yangu kwa huyo mtoto ni moja tu, kujificha asinione," mzee alijibu. "Nimeizoea."

*

Kuna siku ambazo mgonjwa hugoma, na wataalamu wa fiziotherapia wanazijua. Mwili uko tayari lakini mwenyewe hayuko. Siku ya Sekela ilifika alipotakiwa kuachia bomba na kupiga hatua katikati ya bwawa bila kushika kitu. Alishika bomba kwa mikono miwili na hakutaka kuliacha.

Alisema amekuwa akifikiri. Ukuta haujagongwa hata mara moja. Huyu mtu anapumua kama Lugano lakini ananyamaza kuliko Lugano. Shangazi akija anamtazama sikio badala ya macho.

"Usinisomee sheria, dada Tupo," alisema. "Nijibu tu. Ni yeye?"

Tupokigwe alikuwa amesimama mbele yake, maji yakiwa kifuani kwake pia. Jibu la kazi alikuwa nalo mdomoni: hairuhusiwi kusema. Lakini jibu hilo sasa lingekuwa sawa na kusema hapana, na hapana ingeifunga miguu ile siku hiyohiyo, mbele ya macho yake, na mzee angekuwa ameumia bure. Alifikiri pia kwamba kusema ndiyo ni kumchukua mwanamke huyu, mjane asiyejijua, na kumwoza upya kwa mtu aliyekufa. Aliyaona mambo yote mawili kwa uwazi kabisa. Hakuna aliyemdanganya wala kumshurutisha.

"Ndiyo," alisema. "Ni yeye."

Sekela akaachia bomba. Akapiga hatua moja, kisha nyingine, mikono imetandazwa juu ya maji, kisigino cha kushoto kikiburuza kidogo. Alikuwa akicheka na kulia. Aliuelekea ule ukuta, akaweka kiganja juu yake, akaliita jina la mume wake kwa sauti ya chini, jina la nyumbani ambalo Tupokigwe hakuwahi kulisikia.

Kengele ya upande wa pili ikalia.

Tupokigwe alimkuta mzee akijitahidi kutoka kwenye hodhi mwenyewe, blanketi likiwa limeangukia majini. Alidhani ni moyo. Haukuwa moyo. Mzee alijifunika blanketi lililolowa, akakaa chini sakafuni. Aliposema hakumtazama Tupokigwe.

"Kuna kitu kimekuja ambacho si maumivu. Si changu mimi kukipokea." Akalikaza blanketi. "Leo umenifanya nimwibie marehemu, binti yangu."

Akataka Sekela aambiwe leoleo, yeye hataingia tena humo. Na hapa ndipo Tupokigwe alipofanya lile lililomkosesha usingizi baadaye kuliko ile ndiyo yenyewe. Alimbembeleza. Alimwambia mkwe wake ametembea, kwamba amesikia kwa macho yake, akajirekebisha, ameona, kisigino cha kushoto kikiburuta vilevile. Bado kidogo tu. Akiambiwa leo miguu itafunga, na mzee hatazisikia tena nyayo uani. Mzee alisikiliza hayo akiwa ameinamisha kichwa. Alijua anafanyiwa nini, na alikubali.

Wakapatana. Siku ya mwisho Shangazi Lwitiko angekuja na wanawake wa ukoo. Sekela angeketishwa kwenye sebule ya kituo, amekwishavaa nguo kavu na kunywa kitu cha moto, na angeambiwa inavyostahili. Mzee angekuwa ameshaondoka kwa mlango wa nyuma. Mpaka siku hiyo aliingia kwenye hodhi kila alipoitwa, na kila mara kile kisichokuwa maumivu kilipopita ukutani, Tupokigwe alimwona kwenye kioo akigeuza uso pembeni, peke yake chumbani.

*

Siku ya mwisho kulikuwa na ukungu mzito, na mvuke wa bwawa ulijibandika kwenye madirisha kiasi kwamba nje hakukuonekana. Sekela alitembea majini kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha, mahali ambapo maji yalifika mapajani tu, akapiga magoti. Alishuka polepole, goti moja, goti la pili, akakaa hapo, akainuka bila kushikwa. Tupokigwe alipiga makofi, na kwa dakika hiyo furaha yake ilikuwa ya kweli.

Alimtoa, akamfunga taulo, akamkalisha kwenye benchi karibu na jiko la umeme, akamwambia anywe chai yake na asiinuke, miguu iliyotoka majini haina budi kupumzika. Kisha akaenda getini, kwa sababu alikuwa ameyaona magari ya wanawake yakiingia. Walikuwa wengi kuliko alivyotegemea. Walishuka wakiwa wamevaa khanga za msiba, baadhi wameanza kujifuta macho, na Shangazi Lwitiko akawa akiwanyamazisha. Tupokigwe alikawia kuwaeleza wapite wapi, wakae vipi, nani aanze.

Kosa lake lilikuwa dogo na lilitokana na mazoea. Kila mgonjwa, siku ya kwanza, aliambiwa kwamba siku ya mwisho atamwona mbebaji wake. Tupokigwe alikuwa amelisema kwa Sekela kama alivyolisema kwa wote, na hakulifuta. Sekela alikuwa akilingojea tangu siku hiyo.

Benchi lilikuwa tupu aliporudi. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Sakafuni alama za miguu yenye maji zilielekea kwenye korido, ya kushoto ikiwa na mburuzo nyuma. Tupokigwe alizifuata akikimbia, kitu ambacho kituoni hakiruhusiwi.

Sekela alikuwa amefika kwenye mlango wa chumba cha upande wa pili na alikuwa ameshaufungua. Ndani, mzee alikuwa hajaondoka. Alikuwa amechelewa kwa sababu vifungo vya shati vilimshinda. Alisikia zile nyayo zikija koridoni, akazijua, na hapakuwa na pa kwenda. Kwa hiyo alifanya alichokuwa amefanya miaka yote. Alijivuta kwenye kona, akageukia ukuta, akavuta lile blanketi la kijivu na kujifunika kichwa.

Sekela alisimama na tabasamu ambalo bado halijapata habari. Alitazama mgongo ule. Duniani alikuwapo mwanamume mmoja tu ambaye angemgeuzia mgongo kwa heshima, na kama yeye ndiye aliyekuwa humu, amelowa, na alama nyeupe ambazo chembe huziacha kwenye ngozi zikiwa bado mikononi, basi hakukuwa na mwingine upande wa pili wa ukuta. Lugano hakuwapo siku ya kwanza wala siku yoyote. Tupokigwe alimwona akiyapitia hayo yote bila kusaidiwa na mtu, na alitamani angekuwa kokote kule isipokuwa pale.

Sekela hakupiga kelele. Alishika mwimo wa mlango, akageuza uso wake pembeni kama inavyompasa mkwe, na akapiga magoti. Lilikunjika goti moja, kisha la pili, kwenye sakafu kavu, pasipo maji ya kumbebea uzito. Na sasa hapakuwa na mtu wa kumbebea maumivu. Tupokigwe aliuona uso wake ukipokea maumivu hayo yote.

"Dada Tupo," alisema alipoweza. "Muulize baba, mwenyewe yuko wapi."

Tupokigwe aligeukia kona. Mzee alikuwa amesikia, alikuwa hatua chache tu, lakini hangeweza kujibu swali ambalo hajaletewa. Wote wawili walimngoja Tupokigwe. Ilikuwa kazi yake sasa, mtu wa tatu kuwa kinywa, na kinywa chake kilikuwa kimeshatumika vibaya katika nyumba hii.

"Baba," akasema. "Anauliza mwenyewe yuko wapi."

"Mwambie yuko nyumbani," blanketi likajibu. "Tumemlaza karibu na mama yake. Mwambie tulimzika wakati yeye bado hajaamka, na kwamba hakuumia muda mrefu."

Tupokigwe akamwambia. Alirudia kila neno, hata la mwisho, ambalo hakujua kama ni kweli.

"Muulize, yale niliyoyasema ukutani, aliyasikia?"

"Mwambie sikusikia neno," mzee alisema. Kisha, kwa shida zaidi: "Kilichokuja kingine nilikigeuzia uso. Mwambie anisamehe."

Sekela aliinamisha paji la uso mpaka likagusa sakafu, akalia hapo. Hakulia kwa sauti. Tupokigwe alipiga hatua ili amshike bega.

"Wewe nilikuuliza," Sekela alisema, bila kuinuka, na mkono ukabaki hewani. "Nilikuomba usinisomee sheria."

Hakukuwa na mtu wa tatu wa kulipeleka neno hilo, lilikuwa limefika. Tupokigwe hakujitetea. Angeweza kusema kuhusu mishipa na muda wake, na yote yangekuwa ya kweli, na miguu iliyokunjwa pale sakafuni ingemshuhudia. Aliurudisha mkono, akijua kwamba huyu hatamshukuru kamwe, na kwamba haimpasi.

Kutoka mwisho wa korido zilisikika sauti za wanawake wakijipanga sebuleni, viti vikivutwa. Mzee alisogea kidogo kwenye kona yake.

"Binti yangu," alisema, na ilikuwa wazi kwamba anazungumza na kinywa tu. "Mwambie wanamngoja kule. Mwambie aende. Alipokuwa akija nilikuwa nahangaika kujifunika, sikumsikia vizuri."

Tupokigwe alimwambia Sekela hayo, mpaka la mwisho. Sekela akajiinua, goti moja, goti la pili, akiukataa mkono ulionyooshwa kwake, akajifunga taulo upya, akaanza kurudi kwenye korido ndefu kuelekea kwa wanawake waliokuja kumwambia alichokwisha kukijua. Alitembea polepole. Alipofika katikati alipunguza mwendo zaidi, ingawa miguu ilikuwa ikimuuma sana, na kila hatua akaikanyaga kwa nguvu.

Kwenye kona mzee aliliondoa blanketi sikioni, upande mmoja tu, akasikiliza. Tupokigwe alibaki mlangoni akiushikilia ule mlango usijifunge, mpaka nyayo zilipofika sebuleni na kilio kikaanza.